Hesabu Gharama Kwanza: Kubuni Molekuli Nafuu za Seli za Jua Ukiwa Dodoma na Laptopu Moja

Novemba iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliingia ofisini kwangu na laptopu kifuani. Ilikuwa saa nane mchana, mabati yanalia kwa joto. "Shikamoo mwalimu. Nimepata molekuli."

Ilikuwa nzuri kweli. Pete saba zimeungana kama mabehewa, florini nne kwenye ncha, minyororo minne mirefu ubavuni. Kompyuta ilikuwa imemwambia kwamba inafyonza mwanga hadi karibu nanomita 900. Nikamuuliza swali ambalo mtahini mmoja aliniuliza mimi zamani, siku natetea tasnifu yangu, nikabaki nimesimama kama nguzo ya umeme: "Gramu moja ya hii itagharimu shilingi ngapi?"

Hakuwa na jibu, na mimi siku ile sikuwa nalo. Molekuli yangu ilihitaji hatua kumi na nne za maabara, na sikuwa nimezihesabu hata mara moja. Mwongozo huu ni utaratibu ninaowapa wanafunzi tangu hapo. Umeandikwa kwa mtu mwenye kemia ya chuo mwaka wa pili au wa tatu, laptopu ya kawaida, na bando la intaneti la kubanabana.

Kwanza tuelewane tunabuni nini. Seli ya jua ya kikaboni haitumii silikoni. Kinachofyonza mwanga ni utando wa molekuli za kaboni wenye unene wa takriban nanomita 100, umekaa katikati ya elektrodi mbili. Ndani yake kuna vitu viwili vilivyochanganywa: mtoaji, anayeachia elektroni, na mpokeaji, anayeichukua. Mwanga ukipiga, elektroni inasisimka, inavuka kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, kisha kila upande unasafirisha chaji yake hadi kwenye elektrodi. Mwaka 1986 Ching Tang wa Kodak alionyesha seli ya tabaka mbili yenye ufanisi wa karibu asilimia 1. Mwaka 1995 kundi la Alan Heeger likaonyesha faida ya kuchanganya mtoaji na mpokeaji katika utando mmoja. Kwa miaka mingi mpokeaji alikuwa fulereni, ule mpira wa kaboni, hadi zilipokuja molekuli za kupokea zisizo fulereni, ITIC mwaka 2015 na Y6 mwaka 2019. Leo seli ndogo za maabara zimevuka asilimia 19.

Ila Y6 na ndugu zake wana mgongo mrefu wa pete zilizoungana, na kuunganisha pete ni hatua juu ya hatua. Asilimia 19 ya kitu usichoweza kununua gramu kumi zake haitawasha taa Chamwino.

Vifaa

Laptopu yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha kuanzia. Weka Linux, hata pembeni ya Windows. Programu nne zote ni za bure: Avogadro ya kuchorea, Open Babel ya kubadilishia mafaili, xtb ya hesabu za haraka, na ORCA ya hesabu nzito. ORCA ni ya bure kwa matumizi ya kitaaluma, ila unajisajili. Usihangaike na nakala za wizi za programu za kulipia. Utakapoandika ripoti utaulizwa umetumia nini, na hapo ndipo aibu inapoanzia.

Kitu cha tano ni betri nzima. Nitaeleza mbele kwa nini.

Hatua ya 1: Anzia sokoni, si kwenye skrini

Kabla hujachora chochote, andika orodha ya malighafi ambazo viwanda vya dunia vinatengeneza kwa matani. Kitu cha matani kina bei ya matani. Kitu kinachouzwa kwa miligramu kwenye katalogi ya maabara kina bei ya dhahabu, hata kama kwenye skrini vinafanana.

Mahali pazuri pa kutazama ni kwenye rangi. Bluu ya fthalosianini ya shaba, inayotia rangi plastiki, wino na rangi za kupaka, ndiyo Tang aliyoitumia kama tabaka moja la seli yake, na tabaka la pili likatoka kwenye jamii ya perilini, ambayo nayo ni ukoo wa rangi za viwandani. Nyekundu kali ya magari mara nyingi ni ya jamii ya DPP (diketopirolopiroli), ambayo kiini chake hupatikana kwa mmenyuko mmoja wa nitrili na esta ya asidi ya saksini. Vitu hivi vilibuniwa vivumilie jua na mvua juu ya boneti la gari. Mtu anayebuni seli ya jua akivipita bila kuvisalimia, ananishangaza.

Orodha yangu ya kudumu ina pia haidrokwinoni. Ndiyo, ile iliyopigwa marufuku kwenye vipodozi vya kujichubua. Kwenye ngozi ni balaa, kwenye maabara ni pete safi yenye mikono miwili ya oksijeni tayari kushikwa. Kuna thiofini, pete yenye salfa, ambayo ndiyo tofali la fani hii yote. Na kuna mnyororo wa 2-ethilihexili, unaotokana na alkoholi inayotengenezwa kwa wingi mno kwa ajili ya kulainisha plastiki. Mnyororo ndio unaofanya molekuli iyeyuke. Wapo wanaoweka minyororo yenye kaboni ishirini na nne. Ni mizuri, lakini anza na huu.

Hapa kila mwaka mwanafunzi mmoja huniletea wazo la mabunzi. Kwamba mabunzi ya mahindi na maganda ya alizeti tunayoyachoma moto Kongwa na Singida yanaweza kutoa furfurali, na furfurali ikatoa furani, ndugu wa thiofini mwenye oksijeni badala ya salfa. Wazo si la kipuuzi: furfurali hutengenezwa kibiashara kutokana na mabaki ya mimea, na Afrika Kusini wanaitoa kwenye makapi ya miwa. Furani pia huyeyuka vizuri kuliko thiofini. Tatizo ni jua lenyewe. Furani ikiwa kwenye mwanga na oksijeni huliwa haraka kuliko thiofini. Kwa hiyo jibu langu: ibuni, ihesabu, lakini usiiuze kama suluhisho mpaka uonyeshe itafunikwaje isiguswe na hewa.

Hatua ya 2: Chora njia ya kuitengeneza kabla ya kuihesabu

Hii ndiyo hatua ninayoikalia muda mrefu kuliko zote, na ndiyo wanafunzi wanayoiruka. Tufanye mfano mmoja hadi mwisho. Tunataka mpokeaji asiye na pete zilizoungana. Katikati pete ya benzini, kila upande thiofini, na kwenye kila ncha kundi linalovuta elektroni. Kwa ncha tuchukue indandioni.

Njia yake ni hii. Moja, haidrokwinoni inavishwa minyororo miwili ya 2-ethilihexili. Mbili, inapewa bromini mbili. Tatu, kwa mmenyuko wa Suzuki, unaounganisha pete kwa msaada wa paladiamu, kila bromini inabadilishwa na thiofini yenye kundi la aldihaidi mkiani. Nne, aldihaidi zinaunganishwa na indandioni kwa mmenyuko wa Knoevenagel, ambao unatoa maji tu kama taka. Hatua nne.

Sasa mavuno. Kama shamba, kila hatua inavuna pungufu ya ulichopanda. Tukadirie asilimia 80, 85, 70 na 85. Ukizidisha, 0.80 × 0.85 × 0.70 × 0.85, unapata 0.40. Yaani asilimia 40 ya ulichoanza nacho inafika mwisho. Linganisha na molekuli ya hatua kumi na mbili ambayo kila hatua inavuna asilimia 80, mavuno ambayo mkemia yeyote angejivunia: 0.80 ikizidishwa yenyewe mara kumi na mbili inabaki 0.069. Asilimia 7. Nyingine zote zimebaki kwenye chujio, kwenye kolamu ya kusafishia na kwenye chupa za taka.

Endelea hadi kwenye gramu, kwa sababu gramu ndizo zinazonunuliwa. Molekuli yetu ina uzito wa moli wa takriban gramu 811. Gramu moja yake ni milimoli 1.23. Gawanya kwa 0.40, unahitaji takriban milimoli 3.1 za haidrokwinoni, ambayo ni gramu 0.34. Theluthi ya gramu, ncha ya kijiko cha chai. Kwa njia hiyo hiyo piga hesabu ya kila kitendanishi na kila kichocheo, na usisahau kwamba vingine huwekwa kwa ziada. Utagundua kilicho ghali si pete wala minyororo. Ni hatua ya tatu: asidi ya boroni yenye thiofini, na paladiamu.

Na gramu moja inafika wapi? Utando wa nanomita 100 juu ya mita moja ya mraba una ujazo wa sentimita 0.1 za ujazo. Kwa msongamano wa takriban gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, ni gramu 0.12, na mpokeaji akiwa nusu yake ni gramu 0.06. Kwa hiyo, kwenye karatasi, gramu moja inatandaza karibu mita 17 za mraba. Ni chumba na nafasi ya viatu kwa wapangaji wa Ng'ong'ona. Nasema kwenye karatasi kwa sababu ile mashine ya kuzungusha kioo inayotumika maabara hurusha sehemu kubwa ya dawa pembeni. Lakini hesabu hii inaeleza kwa nini watu hawajaikatia tamaa fani hii.

Kabla hujaondoka kwenye hatua hii, jiulize mambo matatu. Je, kuna mmenyuko wa Stille? Huo unatumia misombo ya bati, elementi yenyewe, si bati la paa, na ina sumu. Utafutie mbadala. Je, asidi ya boroni inaweza kuepukwa kwa kuunganisha thiofini moja kwa moja kupitia haidrojeni yake? Mara nyingi inawezekana, na inapunguza hatua. Na je, ni mara ngapi utasafisha kwa kolamu ya silika? Kolamu moja hunywa lita za kiyeyushi. Bidhaa inayojitenga yenyewe kama fuwele kwenye ethanoli ina thamani kuliko florini mbili za ziada.

Mfano wa nje unaonitia moyo ni PTQ10, polima ya mtoaji iliyochapishwa mwaka 2018. Inatengenezwa kwa hatua mbili kutoka kwenye malighafi nafuu, mavuno ya jumla ni asilimia 87.4, na chapisho lile la kwanza lilionyesha ufanisi wa asilimia 12.7.  Nguvu ya kazi ile ni njia fupi.

Hatua ya 3: Ipe alama

Riccardo Po na wenzake, waliokuwa wanaitazama fani hii kwa jicho la kiwanda, walipendekeza alama ya ugumu wa utengenezaji kati ya 0 na 100. Idadi ya hatua ina uzito wa 35. Mavuno yana 25, na huchukuliwa kwa logariti ya kinyume chake. Kazi za kutenganisha na kusafisha zina 15, kolamu 15, na kemikali hatari 10. Kila kipengele kinagawanywa kwa thamani kubwa kuliko zote kwenye kundi unalolinganisha.

Tuseme mshindani wetu ni ile molekuli ya hatua 12, yenye kazi za usafishaji 27, kolamu 6 na kemikali hatari 12, na yetu ina kazi 9, kolamu 1 na kemikali hatari 4. Yetu inapata 11.7 kwa hatua, 8.4 kwa mavuno, 5 kwa usafishaji, 2.5 kwa kolamu na 3.3 kwa hatari. Jumla ni kama 31 dhidi ya 100. Namba hizi za usafishaji nimezitunga kwa ajili ya mfano. Zako utazitoa kwenye machapisho ya mbinu za utengenezaji, sentensi kwa sentensi. Kumbuka pia alama hii ni ya kulinganisha ndani ya kundi, kwa hiyo usiichukue 31 yako ukaiweka pembeni ya 31 ya mtu mwingine.

Mimi nina sheria ya kienyeji: hatua zikizidi sita, molekuli inaenda kwenye folda ninayoiita kaburini, na laptopu haiwashwi kwa ajili yake.

Hatua ya 4: Umbo

Iandike molekuli kwa mwandiko wa SMILES, unaoigeuza molekuli kuwa mstari mmoja wa herufi, lakini minyororo mirefu ibadilishe kuwa methili. Minyororo inasaidia kuyeyuka, haibadilishi sana ngazi za nishati, na inakula muda wa kompyuta bure. Yetu inashuka kutoka atomi 108 hadi 66:

COc1cc(-c2ccc(C=C3C(=O)c4ccccc4C3=O)s2)c(OC)cc1-c1ccc(C=C2C(=O)c3ccccc3C2=O)s1

Open Babel itaigeuza kuwa faili la umbo la pande tatu ukitumia --gen3d. Kisha xtb m.xyz --opt inainyoosha kwa muda usiotosha kunywa chai. Baada ya hapo peleka faili ambalo xtb imelitoa, xtbopt.xyz, kwenye ORCA:

! B3LYP D3BJ def2-SVP Opt
%pal nprocs 4 end
%maxcore 1500
* xyzfile 0 1 xtbopt.xyz

Iache usiku kucha. Na hapa ndipo habari ya betri inapokuja. Mara ya kwanza kufanya kazi hii nilitumia kompyuta ya mezani. Hesabu ilikuwa siku ya pili, umeme ukakatika saa kumi alfajiri, nikaanza upya kutoka sifuri kwa kutojua tu. Kumbe ORCA huandika umbo jipya kwenye faili la .xyz kila mzunguko. Umeme ukirudi, lichukue faili hilo kama mwanzo mpya, hutapoteza zaidi ya mzunguko mmoja. Weka pia nakala kwenye flashi.

Umbo likitulia, lifungue Avogadro na upime pembe ya msokoto kati ya benzini na thiofini. Unataka bapa. Hapa ndipo zile oksijeni mbili za haidrokwinoni zinapolipa: oksijeni ya benzini na salfa ya thiofini jirani huvutana kidogo, na mvutano huo unafunga viungo visizunguke. Ni ubapa wa Y6 bila kulipia pete zilizoungana. Jaribu mikao yote miwili, salfa ikiitazama oksijeni na salfa ikiipa mgongo, kisha linganisha nishati. Ukiona msokoto unazidi digrii 20 hata kwenye mkao bora, rudi kwenye mchoro.

Hatua ya 5: Ngazi za nishati

Kwenye faili la matokeo tafuta ORBITAL ENERGIES. Obiti ya mwisho yenye elektroni mbili ni HOMO, inayofuata juu yake ni LUMO. Usiziamini kama zilivyo. Hesabu za aina hii hukosea, lakini hukosea kwa mpangilio, kama mizani ya muuza nyanya wa Sabasaba ambayo kila mteja anajua imezidisha kiasi gani. Ipime kwanza kwa mawe unayoyajua. Fanya hesabu ile ile kwa ITIC, ambayo kwa vipimo HOMO yake ni takriban -5.48 na LUMO -3.83, na kwa Y6, takriban -5.65 na -4.10, zote kwa elektronivolti. Ongeza moja au mbili nyingine, chora mstari, kisha soma molekuli yako kwenye mstari huo. Bila kazi hii matokeo yako ni porojo zenye desimali nne.

Kwa volteji, Scharber na wenzake mwaka 2006 walitoa kanuni rahisi: chukua HOMO ya mtoaji na LUMO ya mpokeaji bila alama ya kutoa, tafuta tofauti yake, punguza 0.3. Mtoaji wa -4.9 na mpokeaji wa -4.0 wanatoa volti 0.6, na ndivyo P3HT, polima ya mtoaji ya zamani, na fulereni zilivyokuwa zikitoa. Kanuni ni ya enzi za fulereni. Kwa Y6 inatia chumvi. Itumie kupanga foleni ya molekuli zako, usiitumie kutangaza volteji.

Kwa rangi, gawanya 1240 kwa nishati ya ufyonzaji. Elektronivolti 1.9 ni nanomita 653, kwa hiyo mwanga wote mwekundu wa mbali unakupita. Elektronivolti 1.4 ni nanomita 886, na hapo unavuna sehemu kubwa. Nishati ya ufyonzaji usiichukue kwenye pengo la HOMO na LUMO. Endesha hesabu ya usisimkaji kwa CAM-B3LYP ukiongeza %tddft nroots 5 end, na uipime kwa mawe yale yale.

Usafiri wa chaji unahitaji namba moja zaidi, nishati ya kujipanga upya, yaani ile inayotumika molekuli ikibadili umbo baada ya kupokea elektroni. Rudia kunyoosha umbo kwa molekuli iliyoongezewa elektroni moja (badala ya 0 1 andika -1 2), kisha pima kila umbo kwa kila chaji. Chini ya elektronivolti 0.2 ni pazuri. Sitakaa hapo, maana upangikaji wa molekuli kwenye utando halisi huamua zaidi kuliko namba hii, na laptopu yako haiwezi kuutabiri vizuri.

Haya yote yanaishia kwenye zidisho moja: mkondo mara volteji mara kigezo cha ujazo (fill factor), gawa kwa nguvu ya mwanga. Miliampia 20 kwa sentimita ya mraba, volti 0.8 na kigezo 0.70 ni miliwati 11.2, na mwanga wa kupimia ni miliwati 100, kwa hiyo asilimia 11.2.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja tu

Molekuli yetu ya indandioni itakuwa na pengo pana kuliko tunavyotaka. Kishawishi ni kurundika florini. Tulia. Indandioni ikichanganywa na malononitrili kwenye ethanoli yenye asetati ya sodiamu inageuka kuwa ncha yenye nguvu zaidi, ile ile iliyomo kwenye ITIC. LUMO inashuka, pengo linabana. Gharama yake ni hatua moja, tena ya pembeni. Haigusi mavuno ya mstari mkuu, kwa hiyo ile asilimia 40 inabaki palepale. Hatua zinakuwa tano. Kwangu hilo ni badiliko halali. Ubaya wake ni malononitrili yenyewe, ambayo mwilini huzalisha sianidi, na alama ya hatari itapanda.

Ukibadilisha ncha na kiini kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Kwa hiyo kila badiliko na faili lake, na jina la faili liseme ukweli. Nimeona mafaili yanaitwa mwisho, mwisho2 na mwisho_kabisa.

Hatua ya 7: Ifikirie juu ya paa la Oktoba

Seli hupimwa kwenye wati 1000 kwa mita ya mraba na nyuzi joto 25. Dodoma, Oktoba, juu ya bati, hiyo 25 ni ya usiku. Majaribio ya uvumilivu hutumia nyuzi 65 na 85, na ndizo zinazotuhusu. Molekuli ndogo na nyepesi zikipata joto hutembea, zinajikusanya fuwele, mtoaji na mpokeaji wanatengana. Minyororo yenye matawi husaidia kuchelewesha hilo. Kiungo dhaifu kingine ni ile bondi mbili inayoshika ncha, iliyozaliwa na Knoevenagel. Chini ya mionzi ya urujuanimno, tena ikiwa imegusana na oksidi ya zinki, hukatika. Mwambie atakayetengeneza seli aweke chujio la mionzi hiyo au abadilishe tabaka. Vumbi la kiangazi ni shida ya kioo cha juu, si yako.

Kiyeyushi nacho kiandike mapema. Klorofomu inayeyusha karibu kila kitu, ila hakuna kiwanda chenye akili kitakachotandaza mita elfu kwa klorofomu. Lenga zailini.

Hatua ya 8: Ukurasa mmoja

Usipeleke maabara faili la kurasa arobaini. Andika ukurasa mmoja: mchoro, njia na mavuno, alama ya ugumu, ngazi zilizosahihishwa, mtoaji unayempendekeza, kiyeyushi, na hatari. Uingizaji wa kemikali unahitaji kibali cha Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo orodha ya kemikali iwe na majina kamili na kiasi. Na tafadhali, hakuna hata mmenyuko mmoja kati ya hii unaofanyika jikoni au chumba cha bweni. Bromini haina mzaha.

Yule binti wa mwaka wa tatu alizika molekuli tatu kabla ya Pasaka. Ya nne ina pete ya haidrokwinoni katikati. Juzi usiku amenitumia picha ya daftari lake: hatua tano, kolamu moja, pembe ya msokoto imezungushiwa kalamu nyekundu. Chini yake ameandika, "Samahani kwa usumbufu mwalimu. Ethanoli ya kufanyia fuwele, lita kumi, tutaipata wapi kwa bei ya jumla?"